Leeds walivyokopa kesho yao wakazama

Ukivaa jezi ya Leeds United mtaani leo, kuna uwezekano mkubwa utaulizwa umeiokota wapi. Wazee wa soka hawatakucheka. Wao wanaikumbuka Leeds iliyotwaa ubingwa wa Uingereza 1992, msimu wa mwisho kabla ya EPL kuzaliwa. Wanaikumbuka pia ile ya 2001, iliyotinga nusu-fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ikiwa na vijana kama Harry Kewell na Alan Smith. Kundi lao la kwanza lilikuwa na AC Milan na Barcelona. Barcelona ndio walioaga.

Sasa sikiza vile mambo yalivyoharibika. Unajua ile ya kukopa katikati ya mwezi ukijiambia mshahara ukiingia utalipa? Leeds walifanya hivyo, ila wao walikopa pauni milioni 60 mwaka huo wa 2001, dhamana ikiwa pesa za tiketi za miaka 25 ijayo. Hesabu yao: tutacheza Klabu Bingwa kila mwaka, pesa zitaingia tu. Tayari walikuwa wamemnunua Rio Ferdinand kwa milioni 18. Robbie Fowler akaongezwa kwa milioni 11. Hata samaki wa mapambo ofisini walikuwa wa kukodisha. Kweli, samaki!

Shida ni kwamba mshahara haukuingia. Valencia walikuwa wamewazaba 3-0 kwenye nusu-fainali ile, na ligini Leeds wakamaliza wa nne, alama moja nyuma ya Liverpool. Siku hizo Uingereza ilipeleka timu tatu pekee. Msimu uliofuata, wakawa wa tano.

Mnada ukaanza. Ferdinand akaenda Manchester United, mahasimu wao wa jadi, 2002. Fowler akauzwa Manchester City, lakini Leeds wakaendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Yaani unauza simu kisha unaendelea kumnunulia mwenyewe kredo. Mwaka wa 2004 wakashushwa daraja, na kabla mwaka huo kuisha, uwanja wao wa Elland Road ukauzwa pia.

Ulidhani hapo ndipo chini kabisa? 2007 wakaporomoka hadi daraja la tatu, mara ya kwanza katika historia yao, na wakaanza msimu wakiwa na alama 15 chini ya sufuri. Walishinda mechi saba za kwanza ndipo watu wakajua hawa bado wana roho. Januari 2010, wakiwa bado huko chini, walienda Old Trafford kwenye Kombe la FA na Jermaine Beckford akawanyamazisha wenyeji 1-0. Shabiki yeyote wa Leeds atakusimulia bao hilo bila kuulizwa.

Kurudi EPL kulichukua miaka 16. Marcelo Bielsa ndiye aliyewapandisha 2020, tena viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya corona. Mashabiki waliosubiri muda huo wote hawakuruhusiwa hata kuingia ndani. Halafu 2023, wakashuka tena.

Mei 2025, siku ya mwisho ya msimu, walikuwa wamefikisha tikiti ya kupanda lakini taji lilikuwa linaelekea Burnley. Dakika za nyongeza, ugenini Plymouth, Manor Solomon akafunga. Timu zote mbili zikamaliza na alama 100, na Leeds wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao.