Vinara wa utafiti wa ubongo

Anayeongoza kwa kunukuliwa na wenzake katika utafiti wa ubongo ni Mwingereza Karl Friston, wa University College London. Alizaliwa York mwaka 1959, akasomea udaktari na kuhudumia wagonjwa wa akili kabla ya kuzama katika hesabu. Mwaka 2016, Semantic Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kisayansi, ulipowapanga wanasayansi wa ubongo kwa ushawishi, ulimweka namba moja.

Kipimo chake cha h kimeshapita 200. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa mara 10 au zaidi. Friston basi ana makala zaidi ya 200 ambazo hakuna hata moja iliyonukuliwa chini ya mara 200. Maprofesa wengi hustaafu bila kufika robo ya hapo.

Wanaomtaja leo hukimbilia nadharia yake ya nishati huru, inayosema kwamba ubongo hubashiri kila wakati kitakachotokea na hujitahidi usishtukizwe. Nadharia hiyo ina wafuasi na wapinzani, na hesabu zake zimewatoa jasho hata wabobezi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, rekodi yake imesimama juu ya kitu kingine: programu ya SPM, aliyoianzisha London mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuigawa bure. Skani ya ubongo unaofanya kazi hutoa maelfu ya nukta, na namba ya kila nukta hupanda na kushuka. SPM huipima nukta moja moja na kuonyesha ni wapi mabadiliko hayo yanafuatana na kazi aliyopewa mtu, na wapi yametokea kwa bahati tu. Kila maabara iliyoitumia ilipaswa kumtaja mwenyewe, na zilizoitumia zimetapakaa dunia nzima. Mwaka 2000 yeye na John Ashburner walichapisha njia ya kulinganisha ujazo wa sehemu za ubongo wa watu mbalimbali. Kwa njia ya namna hiyo, mwaka huohuo, Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva teksi wa London wana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi iliyo kubwa zaidi upande wa nyuma.

Namba hizo za nukuu zina upande wa pili. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walionyesha kwamba SPM na programu nyingine mbili, katika aina fulani ya vipimo, zilitoa majibu ya uongo mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Anayemnukuu Friston ili kumkosoa humwongezea nukuu sawasawa na anayemsifu.

Kwa makala moja iliyobeba mzigo mkubwa, namchagua Brenda Milner wa Montreal. Mwaka 1957, pamoja na daktari mpasuaji William Scoville, alieleza habari za H.M., kijana aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibu kifafa, kisha akashindwa kuweka kumbukumbu mpya. Baadaye Milner alimpa H.M. kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo. Mkono wake ulizidi kuwa stadi siku hadi siku, ilhali yeye hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Hapo ikadhihirika kwamba kumbukumbu si ya aina moja. Milner hakuhitaji umati wa wagonjwa wala mashine ya gharama.

Na kwa ujasiri wa kuchapisha, hakuna wa kumpita Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Mwaka 1888 alianzisha jarida lake kwa fedha za mfukoni mwake ili michoro yake ya seli za neva ionekane. Mwaka uliofuata alifunga safari hadi Berlin na darubini, akawaonyesha wakubwa wa fani kwa macho yao. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi, ambaye katika hotuba yake ya tuzo aliipinga hoja ya Cajal kwamba kila seli ya neva inajitegemea.

Vyuo vikuu vyetu navyo hupandisha wahadhiri vyeo kwa pointi za machapisho. Wanaokaa kwenye kamati hizo nawaomba wafungue makala wazisome kwanza, ndipo wajumlishe.