Takwimu za kisukari: hesabu zisafiri, mafaili yabaki

Namba 7 kwenye faili la mgonjwa wa kisukari, ikiandikwa peke yake, haimwambii daktari kitu. Kama ni sukari ya asubuhi kabla ya kula, kwa milimoli kwa lita, mgonjwa amegusa kizingiti kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutambua ugonjwa. Kama ni asilimia ya HbA1c, yaani kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, basi 7 ndiyo shabaha wanayopangiwa wagonjwa wengi, na anayeifikia hupongezwa. Na kama ni miligramu kwa desilita, ama mgonjwa yuko mahututi ama mashine imeharibika.

Tanzania, Kenya na Uingereza hupima sukari kwa milimoli. Marekani kwa miligramu. Kubadili si kazi: zidisha kwa 18, na 7.0 inakuwa 126. HbA1c ina vurugu zaidi, kwa sababu ina mizani miwili inayotumika kwa wakati mmoja duniani. Asilimia 7 ya mzani wa zamani ni milimoli 53 kwa moli katika mzani mpya, ambao maabara za Uingereza ziliuhamia kikamilifu mwaka 2011. Hapa kuzidisha pekee hakutoshi: unazidisha kwa 10.93, kisha unatoa 23.5. Anayesahau kutoa huko mwishoni hupata namba inayofanana kabisa na ya mgonjwa halisi aliye katika hali mbaya, na kompyuta haitamshtua mtu.

Hata hivyo, vipimo ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu unaanza mnapoulizana mnahesabu nini. Chukua ukatwaji wa mguu, dhara linaloogopwa sana. Je, kidole kimoja cha mguu kinahesabiwa sawa na mguu uliokatwa juu ya goti? Aliyekatwa mara mbili ni mtu mmoja au matukio mawili? Na mnagawanya kwa nini: kwa wakazi wote wa nchi, au kwa wenye kisukari tu? Ukigawanya kwa wakazi wote, nchi yenye wagonjwa wachache itaonekana ina kliniki bora, hata kama kila anayeugua huko anahudumiwa vibaya. Ukigawanya kwa wagonjwa, nchi inayopima watu kwa wingi na kugundua kisukari kikiwa bado kichanga itaona kiwango chake kikishuka, bila mguu hata mmoja kuokolewa. Binafsi naona njia hii ya pili ina mantiki zaidi, ila inadai jambo ambalo nchi nyingi hazina: rejista ya wenye kisukari inayoaminika.

Ulaya iliyaona haya mapema. Oktoba 1989, wawakilishi wa serikali na wa vyama vya wagonjwa walikutana Saint-Vincent, Italia, wakaweka malengo ya miaka mitano. Upofu utokanao na kisukari upunguzwe kwa theluthi moja au zaidi, figo kufa kabisa kupunguzwe kwa angalau theluthi moja, na ukataji wa viungo kwa nusu. Malengo mazuri, lakini nusu ya ngapi? Nchi nyingi hazikuwa na namba ya kuanzia, na zilizokuwa nayo hazikuihesabu kwa namna moja.

Miaka kadhaa baadaye, kwa fedha za Tume ya Ulaya, ulianza mradi wa BIRO wa kuunganisha takwimu za kisukari, ukiongozwa kutoka Perugia, Italia, na kufuatiwa mwaka 2008 na EUBIROD uliozikusanya nchi nyingi zaidi. Washiriki walikubaliana kwanza juu ya kamusi ya pamoja: kila kipengele kina jina moja, maana moja na kipimo kimoja. Kila kituo kikapewa programu ya kutafsiri rejista yake kwenda lugha hiyo bila kuibomoa ile ya awali. Mpaka hapo ni kazi ya kawaida ya mafundi wa data. Kilichonivutia ni swali walilouliza kabla ya kujenga chochote: ni lazima rekodi ya mgonjwa itoke nchini mwake?

Jibu la haraka la wengi ni kwamba itoke tu, ilimradi jina limefutwa. Marekani ilishaonyesha kwamba hilo halitoshi. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa bado mwanafunzi, alichukua data za hospitali za watumishi wa jimbo la Massachusetts zilizoondolewa majina, akaziweka pamoja na daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge lililouzwa dola 20. Kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, alimpata gavana William Weld. Baadaye alikadiria kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumtofautisha na wengine kila mmoja wa asilimia 87 ya Wamarekani. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inafuata fikra hiyo: jina likibadilishwa kuwa namba, na ufunguo wa namba hizo ukawapo mahali, data hizo bado ni za mtu.

Kwa hiyo BIRO waliamua rekodi zibaki zilipo. Kila kituo kinapiga hesabu kwake, kisha kinatuma majumlisho tu kwa makao makuu. Tuseme kituo kimoja kina wagonjwa 200 wenye wastani wa HbA1c wa milimoli 58 kwa moli, na kingine kina 50 wenye wastani wa 70. Anayechukua katikati ya 58 na 70 anapata 64, na amekosea. Lakini kila kituo kikituma idadi na jumla, 11,600 na 3,500, makao makuu yanagawanya 15,100 kwa 250 na kupata 60.4, jibu lilelile ambalo lingepatikana kama mafaili yote 250 yangevuka mipaka. Hakuna aliyeona mgonjwa hata mmoja.

Hapa ndipo usanifishaji na faragha vinapokuwa kazi moja, ingawa mara nyingi hukabidhiwa kamati mbili zisizozungumza. Anayeogopa kuwa mwenzake amehesabu tofauti huomba data ghafi ili ahesabu mwenyewe. Mkishaafikiana kila ufafanuzi, haja ya kuomba mafaili inapungua.

Njia hii ina gharama. Namba ya kati, ile inayogawa wagonjwa nusu kwa nusu, haiunganishwi kwa majumlisho. Mgonjwa aliyehama kutoka nchi moja kwenda nyingine huhesabiwa kama watu wawili. Na jumla ikiwa ndogo, mfano mwanamke mmoja wa miaka 30 mwenye kisukari cha aina ya kwanza katika kisiwa kidogo, jumla hiyo ni mtu. Visanduku vya namna hiyo hufichwa au huunganishwa na vya jirani. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu data za afya, iliyoanza kuwa na nguvu Machi 2025, itawaruhusu watafiti, itakapoanza kutumika kikamilifu, kuzifikia rekodi zenyewe, lakini ndani ya mazingira yaliyolindwa ambako hutaruhusiwa kutoka na kitu kinachomtambulisha mtu.

Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Ila tukinakili kamusi ya kisukari kutoka Ulaya neno kwa neno, tutajidanganya kwenye HbA1c yenyewe. Kipimo hicho kinategemea muda ambao chembe nyekundu za damu huishi, kawaida kama miezi minne. Kwa mwenye selimundu chembe hufa mapema, na namba hutoka ndogo kuliko sukari aliyo nayo. Bila safu ya kueleza aina ya himoglobini, ataingia kwenye jumla ya Dodoma au Kisumu akihesabiwa miongoni mwa waliodhibiti sukari vizuri, na kwa kuwa faili lake halisafiri, hakuna wa makao makuu atakayeweza kulirekebisha.