Unataka Kununua Haisi Iliyotumika?

Kikundi chenu kimeuza mazao na kuweka fedha. Sasa mnataka gari la kupeleka nyanya sokoni na kurudi na mbolea. Wengi watawaambia, "Nunueni Haisi." Hawakosei. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianza kutengeneza HiAce mwaka 1967. Ni gari gumu, mafundi wengi wanalijua, na vipuri vyake hupatikana. Lakini gari lililotumika ni kama ng'ombe wa mnadani. Humnunui kwa kutazama pembe.

Mimi ni bwana shamba, siyo fundi wa magari. Haya niliyajua kwa hasara. Nilisindikiza kikundi kimoja kununua Haisi ya dizeli. Tulifika saa nne. Mwenye gari alikuwa amekwisha kuliwasha. Injini ilinguruma vizuri, rangi iling'aa, tukalipa. Kesho yake asubuhi gari halikuwaka. Tulilisukuma mpaka tukalowa jasho. Lilipowaka lilitoa moshi wa buluu. Injini ilikuwa imechoka, inakula oili. Fedha za msimu mzima zikaishia kwa fundi.

Basi wewe nenda alfajiri. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Katika Haisi nyingi za zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Inua kiti, gusa injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Gari hilo liache. Kisha liwashwe, nawe simama nyuma utazame moshi. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua.

Lala chini utafute kutu. Rangi mpya huficha mengi. Usiamini saa ya kilomita, maana huweza kurudishwa nyuma. Tazama mipira ya pedali. Ikiwa imelika sana, gari limetembea sana.

Namba za chesisi na injini zilingane na za kwenye kadi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayeuza. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi kabla ya kulipa.

Msimalize fedha zote. Kama gari ni la dizeli, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ukikatika njiani, injini huweza kuharibika vibaya. Mwenye gari akisema hakumbuki, badilisheni kabla ya kupakia hata tenga moja la nyanya.