Mbeba Boksi, Usisahau Vigasha Vyako

Wengi wetu huku ughaibuni tunakula kwa nguvu za mikono: kubeba maboksi ghalani, kuinua wazee, kusugua masufuria. Lakini tukienda jimu tunakazania kifua tu. Kigasha, yaani kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, tunakisahau.

Fahamu kwamba misuli mikubwa inayokunja vidole iko kwenye kigasha, nayo huvivuta kwa kano ndefu kama kamba. Kwa hiyo ukizoeza mshiko, kigasha nacho kinajaa.

Mshiko pia ni kioo cha afya. Utafiti uliotolewa na jarida la The Lancet mwaka 2015, uliohusu watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulionyesha kuwa wenye mshiko dhaifu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema.

Mazoezi haya hayahitaji pesa:

1. Beba madumu mawili ya maji, kama tulivyofanya utotoni. Tembea hatua 40, pumzika dakika 2. Rudia mara 3.

2. Ning'inia kwenye chuma kwa sekunde 10. Ongeza polepole hadi 30.

3. Kaa, laza kigasha juu ya paja, shika chupa ya maji ya lita 1 na nusu. Kunja kifundo mara 15 kiganja kikiangalia juu, kisha mara 15 kikiangalia chini.

4. Loweka taulo, likamue mpaka maji yaishe.

5. Zungushia vidole rababendi, vifungue mara 20. Misuli ya kufungua nayo inahitaji kazi.

Fanya mara 2 au 3 kwa wiki, ukiruka siku, na si kabla ya zamu. Nguvu hutangulia, unene huja baada ya miezi. Kula maharage, mayai na samaki.

Tahadhari: usibane pumzi unaponyanyua, hasa ukiwa na presha. Na kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku, usizidishe mazoezi. Huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo. Muone daktari mapema na mweleze kazi unayofanya. Ukichelewa kwa kuogopa kukosa zamu, msuli wa chini ya kidole gumba unaweza kunywea, na hapo hata boksi dogo litakushinda.

Kila la heri.