WANUBI WA KIBERA NA ASILI YA JINA LAO

Mtu atokaye Kawangware akafika Kibera, katika mji wa Nairobi, huenda akawasikia wazee wa Kinubi wakipaita mahali hapo Kibra. Katika lugha yao neno hilo maana yake ni msitu, kwa kuwa babu zao walikuta miti walipokuja kukaa. Jina la mahali, basi, lina maana iliyo wazi. Je, jina la watu wenyewe limetoka wapi?

Nubia ni nchi iliyo kandokando ya Mto Nile, kusini ya Misri na kaskazini ya Sudan. Wako wataalamu wanaolinasibisha jina hilo na neno la Kimisri cha kale, nub, yaani dhahabu, ingawa si wote wanaokubali. Lakini wengi wa mababu wa Wanubi wa Kibera hawakuzaliwa huko. Walikuwa Wadinka, Washiluki, Wabari, Wamakaraka na watu wa Milima ya Nuba.

Majeshi ya Misri yaliingia Sudan mwaka 1820, na kwa miaka mingi vijana wa makabila hayo walitekwa wakatiwa katika uaskari. Kambini waliipokea dini ya Kiislamu, wakaoa wake wa makabila mbalimbali. Amri zilitolewa kwa Kiarabu, na kila mmoja alikitamka kwa ulimi wake. Ndipo ilipozaliwa lugha ya Kinubi. Kwa hiyo Kinubi ni mtoto wa Kiarabu, wala hakina udugu na lugha ya Wanubia wa Nile. Jina ni moja, watu ni mbalimbali.

Mwaka 1885 Khartoum ilipotwaliwa na watu wa Mahdi, askari wa Emin Pasha walibaki kusini wametengwa. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta wengi wao Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kwa kazi ya uaskari Uganda. Baadaye wengine walitumikia K.A.R., jeshi lililoundwa mwaka 1902. Serikali iliwaandika kwa jina la Wasudani. Wao wenyewe walijiita Wanubi.

Hitilafu hiyo ya majina haikuwa jambo dogo. Kuanzia mwaka 1904 waliomaliza uaskari walikaa Kibera, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Walikaa kwa ruhusa, bila hati. Aitwaye Msudani alihesabiwa kuwa mgeni. Hakuwa na nchi ya kabila lake katika Kenya. Hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963, vijana wengi wa Kinubi walihangaika kupata vitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa raia.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Wanubi waliandikwa kwa jina lao, na mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288 za Kibera. Ni sehemu ndogo ya ile ya zamani.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili ya Wanubi si kabila moja wala mto mmoja. Ni watu waliotolewa makwao kwa nguvu, wakafanyana ndugu, kisha wakajichagulia jina la kuwarithisha watoto wao.