Kadi ya mtandao inapochomekwa, kompyuta pepe isiitike

TANGU nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka wa 2009, hata ofisi ndogo ya Mjambere, Kisauni, yaweza kuendesha kompyuta pepe kadhaa ndani ya mashine moja. Taabu huzuka fundi anapoiongezea mojawapo kadi ya pili ya mtandao bila ya kuizima. Mashine mwenyeji humjibu kuwa kazi imekwisha, ilhali ndani hakuna mawasiliano na wateja wamepanga foleni.

Mara nyingi kadi imefika, ila haijaamshwa. Katika Linux, amri ya ‘ip link’ huionyesha ikiwa ‘DOWN’, tena kwa jina geni, mathalani ens7, ambalo faili za mipangilio hazilitambui. Iamshwe, kisha ipewe anwani.

Gumu zaidi ni suala la njia. Kadi mpya ikipata anwani kwa DHCP, yaweza kuja na lango lake, majibu yakatokea mlango usiostahili. Fundi akadhani kadi ya zamani ndiyo iliyokufa.

Nao watumiao virsh wafahamu kwamba kadi iliyoongezwa kwa ‘--live’ pekee hutoweka kompyuta pepe inapozimwa. Umeme ukipotea usiku, jambo lisilo geni kwetu, asubuhi kadi haipo. Iongezwe pamoja na ‘--config’.