Kichaka cha Itigi Nacho Kitafutiwe Mfadhili

Wasikilizaji wengi huniuliza: hii mifuko ya hisani inayosaidia kuhifadhi mapori hupata wapi fedha, na mbona Singida hatuioni sana?

Kwa kawaida mtu au familia yenye uwezo hutenga mtaji na kuukabidhi kwa wadhamini. Hutumika zaidi faida ya mtaji huo, pamoja na michango ya watu. Anayetaka msaada huandika maombi, kisha hutoa hesabu: doria ngapi, tembo wangapi. Hapo ndipo penye kazi. Tembo anahesabika, tena anapendeza kwenye picha. Ndiyo maana wafadhili wakisikia Singida hufikiria kusini kabisa, kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyoungana na Hifadhi ya Ruaha.

Sina ugomvi na tembo. Lakini pale Itigi, inapopita Reli ya Kati, kuna kichaka cha ajabu. Miti yake ni mifupi, mita 3 hadi 5 hivi, nayo imesongamana hata mtu hupenya kwa kuinama. Kichaka cha aina hiyo kiko hapo na kule mpakani mwa Zambia, basi. Upande wa Zambia sehemu kubwa imekwisha kufyekwa. Chetu nacho kinaliwa na mashamba, kuni na mkaa, na abiria wa treni hukipita wakisinzia.

Kumfundisha mtoto nje ya darasa si ghali. Klabu za Malihai zilianza katika shule zetu mwaka 1980. Mwaka 1991 Dk. Jane Goodall, aliyefariki 2025, alikutana na wanafunzi 12 tu nyumbani kwake Dar es Salaam; ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, ambayo leo iko nchi nyingi.

Mtoto wa Singida mjini ana maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, wanakotua heroe. Wa Itigi ana kichaka. Wanahitaji mwalimu aliyefunzwa, madaftari na nauli. Mimea iliyotambuliwa, ndege waliohesabiwa, ekari zilizobaki: hizo nazo ni hesabu za kumpelekea mfadhili. Shule na halmashauri ziombe hayo badala ya semina na magari. Na ziombe mapema, maana mifuko mingi husoma maombi mara moja au mbili kwa mwaka, na anayechelewa husubiri msimu mwingine wa kulima upite.